MF 135 ya marehemu baba: plau inanyanyuka halafu inatikisa kichwa. Fundi anasema pampu imekufa. Naomba msaada kabla sijauza ng'ombe

#1 Mwana_wa_Dareda

Habari za jioni wanajukwaa. Wakubwa zangu shikamooni.

Nina Massey Ferguson 135 aliyoacha baba. Injini yake ni ile Perkins ya silinda tatu, inawaka kwa kugusa tu, haina moshi, sina shida nayo. Shida ni haidroliki. Nikinyanyua plau ya diski mbili inapanda vizuri, lakini ikifika juu inaanza kutikisa kichwa: inashuka kidogo, inapanda, inashuka, inapanda, muda wote injini ikiwa inaunguruma. Nikizima, dakika chache plau iko chini.

Nilimwita fundi wa mjini. Alisikiliza, akagusagusa leva, akasema pampu imekufa, ninunue nyingine. Bei aliyonitajia ni ng'ombe wawili na ndama. Hakufungua kitu chochote. Mvua za vuli zimekaribia, shamba la mahindi na mbaazi halijaguswa, na majirani wanne wananisubiri niwalimie.

Ukweli ni kwamba trekta hii nimeiendesha tangu niko darasa la sita lakini haidroliki siielewi. Najua leva mbili, moja napandisha, nyingine baba alituambia tusiiguse. Naomba anayejua anieleze inavyofanya kazi, hata kama ni maelezo marefu. Nitayasoma yote.

#2 Jembe_Halimtupi_Mkulima

Mkuu pole. Mimi ilinitokea kama hiyo, nikabadilisha pampu, tatizo likabaki vilevile. Pampu ya zamani bado iko stoo. Usinunue chochote kwanza.

#3 Kitale_Shambani

Salamu kutoka Kitale. Mimi niko na ile ndogo ya kijivu, Ferguson TE20 ya babu. Yangu ilikataa kunyanyua kabisa, nikadhani imeisha. Kumbe leva ya PTO, ile shafti ya nyuma ya kuendeshea mashine, ilikuwa imetolewa, haijaunganishwa. Kwa TE20 pampu inazungushwa na shafti ya PTO, kwa hivyo ukitoa PTO umezima na haidroliki. Angalia hiyo kwanza.

#4 Fundi_Mstaafu

Marahaba kijana, na pole kwa msiba wa mzee.

Nimefanya kazi karakana za mashamba makubwa kwa miaka mingi, na trekta hizi nimezifungua hadi nati ya mwisho. Kaa kitako, nitakueleza taratibu. Ukielewa unachokishika, hakuna fundi atakayekutisha.

Kwanza alichosema ndugu yetu wa Kitale ni kweli kabisa kwa TE20. Kwa 135 yako ni tofauti: pampu inazunguka wakati wote injini ikiwa inawaka na klachi haijakanyagwa, hata PTO ikiwa imetolewa. Kwa hiyo yako siyo hiyo.

Pampu iko wapi? Iko tumboni mwa trekta, chini ya kiti unachokalia, imezama kwenye oili ileile inayolainisha gia na difu. Ndiyo maana huioni. Ina pistoni nne ndogo zinazosukumwa na shafti inayopita katikati yake. Zinavuta oili humo tumboni na kuisukuma juu kupitia bomba moja lililosimama wima. Bomba hilo linaingia kwenye kifuniko kikubwa cha juu, na chini ya kifuniko hicho ndiko iliko silinda ya kunyanyulia. Ndani ya silinda kuna pistoni moja kubwa. Oili ikiingia, pistoni inasukuma mkono wa ndani, shafti ya juu inajipinda, na ile mikono miwili ya nyuma inapanda na plau yako.

Zingatia jambo hili: oili inanyanyua tu, haishushi. Kinachoshusha plau ni uzito wake wenyewe. Valvu ikifungua njia, oili inatoka kwenye silinda na kurudi tumboni, plau inashuka. Kwa hiyo plau ikishuka yenyewe bila wewe kugusa leva, maana yake ni moja tu: kuna mahali oili inatoroka.

Sasa nije kwenye kile ambacho mafundi wengi vijana hawakijui. Kwenye mashine nyingi pampu inasukuma oili wakati wote na valvu inaamua iende wapi. Harry Ferguson, aliyebuni mfumo huu, na watu wake walifanya kinyume. Wao waliweka valvu upande wa kuvutia. Umewahi kunywa soda kwa mrija halafu mwenzako akaubana mrija kwa vidole? Utavuta mpaka mashavu yaingie ndani, hupati kitu. Pampu yako iko hivyohivyo. Usipohitaji kunyanyua, valvu imeziba mdomo wa kuvutia. Pistoni zinazunguka bila mzigo, hazichemshi oili, hazili nguvu ya injini. Ukivuta leva juu, mdomo unafunguka na pampu inakunywa. Plau ikifika pale leva ilipo, mkono wa ndani unairudisha valvu katikati, mdomo unafungwa tena, na oili iliyoko kwenye silinda inabaki imefungiwa humo.

Hapo ndipo utaelewa kutikisa kichwa. Plau iko juu, oili imefungiwa. Kama kuna tundu, oili inatoroka kidogo, plau inashuka kidole kimoja. Mkono wa ndani unahisi imeshuka, unafungua valvu, pampu inakunywa, plau inapanda. Oili inatoroka tena. Trekta yako inajitahidi kushika pale ulipoiambia ishike.

Kwa hiyo pampu iliyokufa haitikisi kichwa, mwanangu. Iliyokufa hainyanyui. Yako inanyanyua diski mbili mpaka juu. Nitashangaa sana kama ni pampu nzima ndiyo mbovu.

Kesho nitakuandikia namna ya kupima. Usifungue kitu usiku.

#5 Mwana_wa_Dareda

Mzee wangu, nimesoma mara tatu. Miaka yote hii nilidhani pampu iko mbele kwenye injini. Asante sana. Nasubiri.

#6 Binti_wa_Shamba

Shikamoo mzee. Nami naomba nidandie hapohapo. Leva mbili zina tofauti gani? Dereva wangu anatumia moja tu, na shamba langu lina mabonde na vichuguu, linalimwa mahali kina kirefu, mahali juujuu kama kuku amepekua.

#7 Fundi_Mstaafu

Marahaba binti. Swali lako ndilo moyo wa trekta hii, na ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa hiyo nianze nalo.

Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, mwaka 1917, Ferguson alipewa na serikali kazi ya kuzunguka Ireland akisimamia matumizi ya matrekta mashambani. Alichokiona kilimsumbua. Plau zilikuwa zinavutwa nyuma kama ng'ombe anavyovuta gogo. Plau ikikwama kwenye mwamba, trekta liliendelea kuvuta, pua ikainuka, na trekta likampindukia dereva kinyumenyume. Watu walikufa. Akakaa miaka mingi akitafuta namna ya kuifanya plau na trekta viwe kitu kimoja. Matunda yake ni ile mikono mitatu unayoiona nyuma ya kila trekta leo: miwili ya chini inavuta, na ule wa juu, toplinki, unasukuma.

Plau ikichimba, ncha yake ya chini inarudishwa nyuma na udongo, kwa hiyo sehemu ya juu inataka kulalia mbele. Toplinki inasukumwa kuelekea kwenye trekta. Pale inapoungana na trekta, nyuma ya kiti, kuna springi kubwa nene. Udongo ukiwa mgumu au plau ikizama sana, springi inabanwa zaidi. Springi ikibanwa inasukuma fimbo ya ndani, fimbo inagusa valvu ileile niliyoeleza jana, na plau inanyanyuliwa kidogo. Udongo ukilainika, springi inarudi, plau inashuka.

Nani amewahi kushika plau ya ng'ombe hapa? Unajua mkono unavyofanya. Ng'ombe wakielemewa, bila hata kufikiri unaikandamiza mikono ya plau kidogo ili ncha ipande, wakipata nafuu unaiacha izame. Hiyo springi ndiyo mkono wa mshika plau. Wakati huohuo uzito wa plau na wa udongo unaegemezwa kwenye magurudumu ya nyuma, na toplinki inaikandamiza pua ya trekta chini. Ndiyo maana trekta nyepesi kama TE20 iliweza kulima kazi iliyotaka mashine nzito zaidi.

Leva moja ni ya pozisheni. Ukiiweka mahali, mikono inakaa urefu huohuo kutoka kwenye trekta, haijali udongo. Hiyo ni ya kunyanyulia mzigo, kusafirisha, kutumia mashine isiyotakiwa kugusa ardhi. Leva nyingine ni ya drafti. Hiyo ndiyo inayosikiliza springi. Ukilima kwa pozisheni kwenye shamba la mabonde, magurudumu ya mbele yakipanda kichuguu plau inazama mno, yakishuka bondeni plau inatoka nje. Ndiyo yale mapekuo ya kuku.

Mwambie dereva wako hivi: akiwa anatumia pozisheni, leva ya drafti iwe juu kabisa. Akiwa analima, kina akipange kwa leva ya drafti, na leva ya pozisheni aitumie kunyanyua mwisho wa mstari na kuirudisha upande wa kushusha anapoanza mstari mwingine. Aanze na drafti juu, aishushe polepole mpaka apate kina anachotaka, halafu aiache hapo. Ipo pia leva ndogo ubavuni ya kupunguza kasi ya kuitikia, ili plau isirukeruke kwenye udongo mgumu.

Neno moja kuhusu diski. Plau ya diski ni nzito na inazama kwa uzito wake, kwa hiyo kuna wakati toplinki inavutwa badala ya kusukumwa. Kwenye 135 springi ile inahisi pande zote mbili, kusukumwa na kuvutwa, lakini lazima isiwe na uchezi. Ondoa toplinki, shika kichwa cha springi, vuta na sukuma. Kikicheza mbele na nyuma hata kidogo, drafti haitafanya kazi sawasawa. Kinatakiwa kizunguke kwa mkono, kisicheze. Kwenye trekta nyingi ninazoziona huku hapo pamelegea miaka na hakuna anayepagusa.

Na tafadhali, ndugu zangu: kuvuta gogo au gari lililokwama, funga mnyororo chini kwenye ndoano au kwenye boriti ya kuvutia. Usifunge kwenye tundu la toplinki kamwe. Ukifunga juu umerudi kwenye ajali zilezile za Ireland. Nimemzika mwenzangu kwa sababu hiyo.

#8 Fundi_Mstaafu

Sasa Mwana wa Dareda. Fanya kwa mpangilio huu, usiruke.

Angalia oili kwanza. Simamisha trekta mahali tambarare, plau iwe chini, subiri, vuta dipstiki ubavuni. Ikiwa imepungua, pampu inavuta hewa pamoja na oili. Angalia na rangi. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, mara nyingi kupitia ile ngozi ya leva ya gia iliyochanika, trekta ikilala mvuani. Na niambie uliweka oili gani mara ya mwisho. Watu wanamwaga oili nzito ya difu wakidhani nzito ndiyo bora. Kumbuka mrija: uji mzito haupiti kwenye mrija. Asubuhi ya baridi pampu itakaa na njaa. Siku hizi tunaweka oili ya matrekta iitwayo UTTO, ya unene wa 10W-30, iliyotengenezwa kwa gia, haidroliki na breki za ndani kwa pamoja.

Pili, nyanyua plau, zima injini, weka alama ya chaki na pima kwa rula imeshuka kiasi gani kwa dakika kumi. Andika. Bila kipimo hutajua kama umetengeneza au umejidanganya.

Tatu ni kuona kwa macho. Nyanyua plau, weka magogo imara chini yake ikalie. Zima. Punguza oili kwenye ndoo safi kabisa mpaka iwe chini ya kifuniko cha ubavuni, fungua kifuniko. Halafu inua plau kidogo kwa jeki, toa magogo, shusha jeki taratibu ili mzigo urudi kwenye silinda. Hakuna mtu chini ya plau, hakuna mguu, hakuna mtoto karibu. Piga tochi ndani. Oili ikimiminika kutoka juu kwa nyuma, ni ringi za pistoni ya silinda. Ikitiririka kandokando ya bomba la wima, ni oringi za bomba, zile ringi za mpira za kuzibia. Ikitokea kwenye mwili wa pampu, ni valvu zake. Usiingize kidole kupapasa. Oili yenye msukumo wa zaidi ya psi 2000 inapenya ngozi kama sindano, na mtu anaweza kupoteza mkono.

Ukiwa umefungua, safisha na chujio la wavu la pampu. Utashangaa utakachokikuta.

#9 Jembe_Halimtupi_Mkulima

Mzee, yangu ni kwamba bila mzigo inapanda kama mshale, nikifunga plau haiendi. Ndiyo hiyo niliyobadilishia pampu.

#10 Fundi_Mstaafu

Hiyo ni oili inayotoroka wakati wa kusukuma. Valvu ya usalama inafunguka mapema kwa sababu springi yake imechoka, au bomba la wima limeachia, au pistoni ya silinda imeisha. Fungua ubavuni, ukae mbali na tundu, mwenzio anyanyue mzigo, na utaona inakorukia. Pampu ya stoo itunze, huenda ni nzima.

#11 Kitale_Shambani

Mzee, na trela ya kumwaga? Yangu ikishanyanyua trela, plau haipandi vizuri siku inayofuata.

#12 Fundi_Mstaafu

Silinda ya trela inakunywa oili ya tumbo hilohilo. Ikinyooka imebeba lita kadhaa, na ukifungua hozi ikiwa bado imenyooka umeondoka nazo. Ishushe mpaka mwisho kabla ya kufungua. Tena futa mdomo wa hozi kwa kitambaa safi kila unapounga, mchanga wa trela unaishia kwenye pistoni za pampu.

#13 Mwana_wa_Dareda

Wakuu, nimerudi. Nimefanya Jumamosi yote na mdogo wangu.

Oili ilikuwa chini ya alama ya chini kabisa. Rangi siyo maziwa, ila nyeusi. Niliyoiweka mwaka juzi ni ile nzito niliyopewa dukani, nakiri sikuuliza. Kipimo cha dakika kumi: sikumaliza. Dakika ya nne plau ilikuwa chini.

Tukafungua ubavuni kama ulivyosema, magogo, jeki, kila kitu. Mzee, tochi ilipoingia tu niliona. Oili inatiririka kando ya bomba la wima, pale linapoingia kwenye pampu. Inateremka kama machozi, bila kukatika. Kutoka juu kwenye silinda kulikuwa na matone ya hapa na pale tu. Chujio lilikuwa limevaa matope na vipande vya gasketi.

Sasa je, ni lazima ninyanyue kifuniko chote cha juu? Sina mnyororo wa kunyanyulia.

#14 Fundi_Mstaafu

Umefanya kazi ya fundi. Hapana, usinyanyue. Shusha plau chini kabisa kwanza, msukumo uishe. Juu ya kifuniko kikubwa kuna kifuniko kidogo kimefungwa bolti juu ya lile bomba. Safisha eneo lote kwa brashi na dizeli, kausha, kisha fungua bolti. Bomba linavutwa juu kwa mkono, likikaza lizungushe taratibu. Oringi zake ziko juu na chini. Peleka za zamani dukani ulinganishe, chukua zinazostahimili oili ya haidroliki, siyo za bomba la maji. Paka oili kabla ya kurudisha, na usisukume kwa nyundo. Oringi ikikatwa wakati wa kuingia utarudi mwanzo.

Mwaga oili yote, weka mpya.

#15 Binti_wa_Shamba

Dereva amejaribu drafti leo. Mistari mitatu ya kwanza alilalamika kwamba mikono inacheza yenyewe na anaogopa. Mstari wa nne akanyamaza. Nimepima kina kwa kijiti kwenye kichuguu na bondeni, tofauti haizidi vidole viwili. Asante mzee.

#16 Mwana_wa_Dareda

Jumatano jioni. Bomba lilitoka kwa mkono. Oringi ya chini ilikuwa imekauka, imebonyea upande mmoja, na imekatika robo. Mbili mpya zimenigharimu pungufu ya bei ya soda mbili. Kilichokula pesa ni oili, na hata hiyo haifiki mguu mmoja wa ng'ombe.

Tukajaza, tukawasha, tukaiacha izunguke kidogo hewa itoke. Nikavuta leva. Ikapanda, ikatulia. Nilikaa kwenye kiti nikiisubiri itikise kichwa, haikutikisa. Nikazima, nikapiga chaki. Dakika kumi, rula haikuonyesha kitu. Nikaiacha mpaka asubuhi na magogo chini yake. Asubuhi ilikuwa imeshuka nusu kiganja, nadhani ni yale matone ya silinda.

Mzee, nusu kiganja usiku kucha nilime nayo, au niishughulikie sasa hivi?

Na jambo jingine. Ile leva ambayo baba alituambia tusiiguse ni ya drafti. Alikuwa ameifunga kwa waya ikiwa juu kabisa. Nilipopima springi kama ulivyoeleza, inacheza karibu nusu sentimita. Nadhani aliifunga kwa sababu hiyo, plau ilikuwa inarukaruka na hakupata wa kumweleza.

#17 Fundi_Mstaafu

Lima nayo. Ringi za silinda zisubiri kiangazi, wakati huo utakuwa umepata mnyororo na nafasi. Kila Jumapili pima tena kwa chaki. Ikianza kushuka kwa dakika badala ya masaa, niandikie.

Springi usiache. Kaza mpaka uchezi uishe lakini bado izunguke kwa vidole, halafu kata ule waya.

#18 Mwana_wa_Dareda

Nimekata. Kesho saa kumi na mbili asubuhi naanza na shamba la mama.